Adelgunda na Mke Aliyemtafutia Mumewe

Adelgunda wa Kituntu alikuwa mwanamke wa kupanga mambo. Harusi ikiwa ya jirani, yeye ndiye aliyesema mikungu ikatwe lini. Msiba ukitokea, yeye ndiye aliyesema nani apike na nani alie. Padri akitaka kanisa lipakwe chokaa hakuhangaika na mwenyekiti wa kijiji, alimwita Adelgunda, kiongozi wa akina mama wa parokia, na Jumamosi inayofuata ukuta ulikuwa mweupe. Kwa hiyo alipopatwa na uvimbe shingoni, upande wa kushoto chini ya sikio, waliomfahamu hawakushangaa kwamba hata kifo chake alitaka kukipanga mwenyewe.

Uvimbe wenyewe haukuwa mkorofi. Ulianza kama punje ya harage, ukafika kokwa ya parachichi, wala haukuuma. Ulimuuma wakati mmoja tu, na wakati huo ndio aliokuwa hawezi kuusema mbele ya watu. Ulimuuma akinywa rubisi.

Sasa, rubisi, hiyo pombe yetu ya ndizi, Adelgunda alikuwa ameiacha mwaka ule vita vya Amini vilipokwisha, mbele ya altare, kwa sauti, kikundi kizima kikisikia. Alichobakiza ni kuonja. Mumewe Evaristi akikamua lazima mtu aonje kama imeiva, na yeye alionja kwa kibuyu kidogo, nyuma ya nyumba, ameligeuzia kanisa kisogo. Siku hizo akimeza funda moja tu, shingo inawaka kama imewekewa kaa la moto. Akajua Mungu amemshika. Akatubu, akapunguza mafunda.

Alipokonda mpaka sketi ikataka kamba, na shuka zikawa zinaamka zimelowa jasho, Evaristi alifungua kinywa. Huyu alikuwa mtu wa kahawa na migomba, maneno kwake yalikuwa haba kama mvua ya Julai.

"Mama Deodatha," alisema, "kesho hospitali."

Walikwenda hospitali ya misheni. Daktari Karekezi, mrefu, mwembamba, miwani puani, alimbonyeza shingo, akambonyeza makwapa, kisha akauliza bila aibu:

"Mama, ukinywa pombe, uvimbe huu huuma?"

Adelgunda alimgeukia mumewe. Evaristi alikuwa ameangalia dari kana kwamba kuna mtu huko juu anamdai salamu.

"Nani amekuambia mimi nakunywa?"

"Hakuna, mama. Upo ugonjwa mmoja wa tezi ambao wachache wa wagonjwa wake huumwa hivyo wakinywa. Nikimpata mmoja, najua pa kuanzia."

"Mimi ni kiongozi wa akina mama wa parokia."

"Nimesikia, mama. Huuma?"

Adelgunda alikaza kitambaa chake kichwani. "Huuma. Lakini ni kwa kuonja."

Wakampasua kidogo, wakatoa tezi moja, ikapelekwa Mwanza ng'ambo ya ziwa ikatazamwe na wataalamu. Akaambiwa arudi katikati ya Novemba kupata jibu.

Kungoja ndiko kulikoleta balaa. Jirani yake Kokwijuka, mwanamke aliyejua mila zote na magonjwa yote, alikuja kila jioni kumpa pole, na pole zake zilikuwa na majeneza ndani.

"Usihofu, waitu, mwenzangu," alisema, akijisogezea kigoda. "Hata dada yake katekista alikuwa na uvimbe hapohapo."

"Yuko wapi sasa?"

"Tulimzika. Lakini alikuwa na amani sana usoni."

"Na yule fundi baiskeli?"

"Huyo hakuwa na amani."

Jioni za namna hiyo zilipomtosha, Adelgunda akakata shauri kwamba anakufa. Hakulia. Alikaa kitako akawaza ni nini kitaharibika akiondoka. Kikundi kitapata kiongozi, mbaya, lakini kitapata. Kuku watalishwa. Aliyemtia wasiwasi ni Evaristi. Kahawa aliijua tangu mche hadi gunia, lakini jikoni alikuwa mgeni wa kukaribishwa. Hakujua chumvi inakaa wapi. Atakufa njaa huku mikungu imening'inia juu ya kichwa chake. Au, na hili ndilo lililomnyima usingizi, atajiokotea msichana mmoja wa kule Murongo mpakani, wale wanaonukia sabuni ya magendo kutoka Uganda, na huyo msichana atalala katika kitanda cha Adelgunda kabla matanga hayajaanuliwa.

Basi akamtafutia mke yeye mwenyewe.

Alipita majina yote ya wajane anaowafahamu, kama mtu anayechagua maharage. Huyu mzuri mno, nitasahauliwa. Huyu mbaya mno, Evaristi atatoroka. Akatua kwa Placidia wa Songambele. Wazazi wa Placidia walitoka Rwanda zamani. Yeye alizaliwa hapahapa, akaolewa, akafiwa bila mtoto. Alikuwa na mkono wa jembe, mcha Mungu, mwenye kicheko kinachosikika kutoka kilima kimoja hadi cha pili, na ndizi zake aliziepua zikiwa bado zinabishana na meno. Hilo la ndizi ndilo lililomfurahisha Adelgunda. Kila siku saa ya chakula, Evaristi atamkumbuka marehemu.

Akapanda lori la kahawa mpaka Songambele.

"Dada Adelgunda," Placidia alisema alipokwisha kusikiliza, "sasa unayenichumbia ni wewe au mumeo?"

"Mume wangu hajui kuchumbia. Hata mimi nilichumbiwa na shangazi yake."

"Na yeye ananitaka?"

"Nikifika nyumbani nitamwambia anakutaka."

Placidia akacheka mpaka kuku wakatawanyika. Lakini upweke si ndugu wa mtu, na nyumba ya Evaristi ilikuwa ya mabati. Akakubali kuja kuangalia.

Evaristi alipata habari akiwa anatafuna kahawa mlangoni.

"Na mimi naulizwa?"

"Unaarifiwa, Baba Deodatha."

Akatema ganda la kahawa, akaenda zake shambani. Adelgunda akahesabu kwamba amekubali.

Placidia akapewa chumba alichokuwa akilala binti yao Deodatha kabla hajaolewa, na mafunzo yakaanza. Uji wa bwana usiwe wa moto. Mguu wake wa kulia huuma mvua ikikaribia. Mpe pole mara moja, ukimpa ya pili atalala mpaka kesho. Akikohoa baada ya chakula amefurahi, akikohoa kabla ya chakula ana hasira. Juu ya ndizi Adelgunda hakufundisha neno. Placidia aliepua sufuria kabla ya wakati wake, Evaristi akatafuna kimya, na Adelgunda akaangalia pembeni kwa utulivu wa mtu aliyekwisha jiwekea kumbukumbu yake.

Novemba ilipofika alikwenda kuchukua jibu peke yake, amevaa vizuri. Daktari Karekezi alimkalisha.

"Mama, sitakuficha. Ule uvimbe ni saratani ya tezi."

"Nilijua," alisema Adelgunda, karibu kwa furaha. "Kabla ya Krismasi au baada?"

"Nini kabla ya Krismasi?"

"Kufa kwangu. Nina kwaya."

"Subiri, mama, sijamaliza. Kule Mwanza waliikata ile tezi vipande vyembamba kushinda ngozi ya kitunguu, wakavitia rangi, wakavitazama kwenye darubini. Hawatafuti seli mbaya peke yake. Wanatazama na majirani wake: zile seli za kinga, chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupigana na maradhi. Kuna wagonjwa ambao ukiutazama uvimbe wao, kinga zimekwisha, wamebaki maadui watupu. Hao tunawahofia sana. Uvimbe wako ni kinyume. Seli mbaya ni moja hapa, moja kule, nazo seli za kinga zimejaa pande zote kama watu wa mnadani. Wenye uvimbe wa namna hiyo, wengi wao wakitibiwa hupona, au hukaa miaka mingi."

Adelgunda hakuja amejiandaa kwa habari ya namna hiyo. Kisha akauliza, maana hakuwa mtu wa kukubali jambo lenye tundu:

"Kama kinga ni nyingi hivyo, mbona haziwamalizi hao wachache?"

Daktari akavua miwani. "Hilo, mama, hata wakubwa wetu wanalitafuta. Zimewazunguka, lakini hazipigi."

"Ah! Ukoo wa mume wangu!"

"Vipi?"

"Walimkamata mwizi wa mbuzi. Wanaume wa ukoo mzima wakamzunguka, marungu mkononi, wakaanza kubishana ni nani aliyemwona kwanza. Mwizi akapita katikati yao akisema naomba njia, wakampisha."

Daktari alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. "Ndiyo hiyo hasa, mama. Basi mwizi atakamatwa na dawa. Na mahali palipojaa watu hivyo, dawa hukuta kazi nyepesi. Mimi si mpiga ramli, siwezi kukuapia. Lakini kama ningekuwa mtu wa kubahatisha, ningebahatisha kwamba utazeeka. Kwa sharti moja: uende Mwanza utundikiwe dawa ya mshipa, mara kwa mara, kiasi cha nusu mwaka. Na usikawie. Ukikawia, kinga nazo huchoka, na hapo ubashiri wangu haufai tena."

Adelgunda akashika shavu. "Sasa Placidia nitamfanya nini?"

"Placidia ni ugonjwa gani?"

Alimwambia. Daktari akainama mezani, mabega yakamtikisika kwa kitambo kirefu.

Alibakizwa wodini siku chache apigwe picha ya kifua na kutolewa damu. Na siku hizohizo, huko Kituntu, senene wakashuka.

Kwa asiyejua: kwetu senene si mdudu, ni neno kati ya mume na mke. Wakishuka, mke huamka alfajiri kwenye umande, huwaokota, huwanyonyoa, huwafunga katika jani la mgomba na kumpelekea mume. Mume akila, hudaiwa nguo mpya. Na mwanamke asiye mkeo akikuletea senene, ukala, umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Adelgunda aliposhuka kwenye gari, wa kwanza kukutana naye alikuwa Kokwijuka, ambaye inaelekea alikuwa amemngoja barabarani tangu asubuhi.

"Pole na safari. Umepata jibu?"

"Napona."

Kokwijuka alipigwa na butwaa, uso wa mtu aliyekwisha kushona nguo ya msiba. "Unapona! Mungu mkubwa. Kwa bahati mbaya, mumeo amekula senene."

"Za nani?"

"Za nani tena! Placidia aliamka gizani. Kicheko chake ndicho kilichotuamsha."

Adelgunda alipanda mlima wa Kituntu bila kupumzika, na uvimbe wake shingoni. Alimkuta Evaristi anaanika kahawa.

"Baba Deodatha, ulikula?"

Evaristi hakuuliza kula nini. "Nilikula."

"Zote?"

"Zilikuwa kidogo."

"Ulijua maana yake?"

"Nilikuwa na njaa, mama. Zile ndizi zake ..." Akaishia hapo, akashika tumbo.

"Nguo umempa?"

"Nguo gani? Tangu vita vikwishe duka la ushirika lina kiberiti na muuzaji tu."

Hapo Adelgunda akapata pumzi. Senene zimeliwa, nguo haijatolewa: mlango uko wazi nusu. Lakini Mwanza ni nusu mwaka. Katika nusu mwaka duka laweza kupata vitenge, na huko Murongo magendo hayakosi vitenge siku yoyote. Akakaa juu ya jiwe akatangaza:

"Siendi Mwanza."

"Daktari amesemaje?"

"Amesema nikienda nitazeeka. Nizeekee wapi? Nitarudi nikute mwenye nyumba yupo, anacheka. Heri nife nikiwa na jiko langu."

Ndipo Evaristi alipotoa hotuba ambayo Kituntu iliikumbuka muda mrefu, maana ilikuwa ndefu kuliko zote alizopata kutoa. Aliweka reki chini.

"Adelgunda," alisema, na hakuwa amemwita jina lake tangu Deodatha azaliwe. "Uliniletea mke, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani ukipanga utapata nguvu, na ukipata nguvu hutakufa. Sikumtaka. Simtaki. Ana kicheko kizuri, lakini nitabakiwa na meno mangapi? Wewe ukifa kwa sababu ya senene, mimi nitawaambia nini watu pale kanisani?"

Akaokota reki, akageuka haraka akaanza kuanika kahawa iliyokwisha kuanikwa.

Adelgunda alimtazama mgongo. Hakulala vizuri siku ile, lakini kulipokucha alikuwa na mpango. Alimwita Placidia, akamwita na Kokwijuka awe shahidi, maana jambo ambalo Kokwijuka hakuliona ni kama halikutendeka. Akafungua sanduku lake, akatoa kitenge cha bluu chenye maua, kipya, kimekunjwa. Alikuwa amekiweka azikwe nacho.

"Placidia, simama. Uliokota senene?"

"Niliokota, dada. Naomba radhi, niliona wanashuka nikasema ..."

"Sijauliza ulisema nini. Zimeliwa. Zinadaiwa nguo. Nguo hii hapa." Akamfunga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. "Kokwijuka, wewe unayejua mila. Senene zikilipiwa nguo, mke ni wa nani?"

"Wa aliyelipa," alisema Kokwijuka, kisha akasikia alichokisema. "Ngoja kwanza ..."

"Nani amelipa?"

"Wewe. Lakini, waitu, hilo halijapata ..."

"Basi Placidia ni wangu. Nami nasafiri kwenda Mwanza kutibiwa, na mgonjwa lazima awe na mtu wa kumpikia na kumfulia. Nitamwacha mke wangu nyumbani na mwanaume?"

Placidia alijitazama kitenge, akamtazama Adelgunda, akatazama uani alikokuwa Evaristi, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi nyuma ya zizi. Kisha akacheka, na kicheko hicho, wanasema, kilivuka mto.

"Dada," alisema akijifuta machozi, "hata hivyo Mwanza sijawahi kuiona."

Wakasafiri, lori hadi Bukoba, meli hadi Mwanza, Placidia akitapika upande mmoja wa meli na Adelgunda akiwaamuru abiria wampishe. Dawa ilikuwa kali. Ilimtapisha, ikamng'oa nywele mpaka kitambaa kikawa kinateleza kichwani, na kuna siku alizogeukia ukuta, akasema hataki tena, mwiteni padri. Siku hizo Placidia alikaa kitandani pake, akampa uji wa vijiko viwili viwili, akamsimulia habari za Songambele, na akifika penye kuchekesha wodi nzima iliamka. Ndizi zake, kwa ajabu ya Mungu, zilikuwa chakula pekee ambacho Adelgunda hakukitapika. Zilikuwa ngumu mno kurudi zilikotoka.

Na uvimbe ukapungua. Kila alipotundikiwa, daktari wa pale alibonyeza shingo, akabonyeza tena, akaandika. Ikafika siku alibonyeza asipate cha kubonyeza. Adelgunda akamwambia asihangaike, mwizi amekamatwa.

Placidia hakurudi naye Kituntu. Langoni mwa hospitali palikuwa na mgane mmoja muuza samaki, mtu mnene asiyesikia vizuri, ambaye kati ya sauti zote za dunia kicheko cha Placidia alikisikia barabara. Alipotaka kumposa akaelekezwa wodini. Adelgunda alimpokea akiwa ameketi juu ya mito, kichwa kitupu kiking'aa, akamuuliza maswali yote ambayo baba wa bibi harusi huuliza, na mengine yaliyomtoa jasho. Mahari alidai tenga la sato waliokaushwa. Akapewa. Akamwoza mke wake kwa heshima zote.

Alipopanda mlima wa Kituntu kwa mara nyingine, tenga kichwani na nywele zimeanza kuota kama majani ya masika, aliona moshi unatoka jikoni kwake. Kuna mwanamke. Akatua tenga, akaokota fimbo, akausukuma mlango.

Alikuwa Evaristi, ameinama juu ya mafiga, macho mekundu kwa moshi, jani la mgomba mkononi anafunika sufuria. Walitazamana.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi. Toka jikoni kwangu."

"Subiri ziive."

"Nani kakuruhusu ..."

"Mama Deodatha, zikifunuliwa sasa zitaharibika."

Adelgunda akanyoosha mkono kuchukua chumvi. Haikuwa mahali pake. Akatafuta juu ya ukuta, akatafuta nyuma ya mtungi.

"Nimeihamisha," alisema Evaristi bila kugeuka. "Pale ilipokuwa ilikuwa inapata unyevu. Kaa, mama. Umetoka hospitali."

Kwa ajili ya mwanamke mwingine Adelgunda alikuwa na fimbo na maneno ya kutosha mpaka Pasaka. Kwa hili hakuwa ameandaa neno. Akakaa kwenye kigoda cha wageni, katika jiko lake mwenyewe, akaiweka fimbo miguuni, akangoja kupakuliwa.